Kontrola ya treni ya mfano ikigoma: tafuta ugonjwa kuanzia plagi hadi relini

Kontrola nyingi zinazofikishwa mezani kwa fundi kwa madai kwamba zimekufa huwa nzima. Ugonjwa uko kwenye plagi, kwenye reli, kwenye magurudumu ya kichwa cha treni, au kwenye waya uliochomekwa tundu lisilo lake. Mwenyewe ameshalifungua boksi, ameshavuta vuta nyaya, na sasa kuna magonjwa mawili badala ya moja. Kwa hiyo bisibisi ikae pembeni kwanza. Tuanze na dalili unayoiona kwa macho, na ndani tuingie pale tu vipimo vitakapotulazimisha.

Nazungumzia kontrola za kawaida za analogi, zinazotoa volti 0 hadi 12 za DC (umeme wa upande mmoja) kwa ajili ya treni za vipimo vya OO (1:76) na HO (1:87), ambazo zote hupita kwenye reli ya upana wa milimita 16.5, pamoja na zile ndogo za N zenye reli ya milimita 9. Ndizo zinazokuja kwenye maboksi ya zawadi kutoka kwa shangazi aliyeko Uingereza au kaka aliyeko Marekani. Märklin ya Ujerumani yenye reli za AC (umeme unaogeuka huku na huku) ni ukoo mwingine kabisa: treni zake huendeshwa kwa AC hadi volti 16, na hugeuza mwelekeo kwa kupewa msukumo mfupi wa takribani volti 24. Ukikuta kontrola yake haina swichi ya kurudi nyuma, hakuna kilichong'oka.

Umeme unapita njia moja tu, na ukiijua huhitaji kubahatisha. Unatoka ukutani, unaingia transfoma inayoushusha hadi volti 15 au 16 za AC, unapita dayodi nne zinazougeuza kuwa DC, unafika kwenye transista inayobanwa au kuachiwa na kitasa cha mwendo, unapita swichi ya mbele na nyuma, unatoka kwenye vituo viwili vya waya, unapanda reli, magurudumu, kisha mota. Kazi yako ni kujua umeishia wapi.

Mita peke yake inadanganya

Vitu vitatu vinatosha: mita, balbu ya gari ya volti 12 wati 5, na betri ya volti 9.

Balbu ndiyo muhimu kuliko mita, ingawa wengi hawaamini. Mita ya kidijitali haivuti mkondo wa maana. Kiungo kilichooza, kinachoshikiliwa na uzi mmoja wa shaba, kitakuonyesha volti 12 safi kabisa, nawe utaapa kwamba kontrola ni nzima. Funga balbu kwenye vituo vya kutolea umeme, pima tena huku inawaka: kama volti zimeporomoka hadi 3 au 4, umempata mwizi. Balbu ya wati 5, ile ya taa ndogo za pembeni za gari, inavuta takribani ampea 0.4, karibu na kiasi cha kichwa chenye mota ya kizamani. Usichukue ya wati 21 ya indiketa. Ile inataka ampea 1.75, na kontrola ndogo ya ampea 1 itajikata mara moja ukadhani ndiyo mbovu.

Betri ya volti 9 ni ya kumhoji mtuhumiwa wa pili. Mita nyingi zinayo ndani. Chomoa nyaya za kontrola kutoka relini, kisha gusisha betri kwenye reli mbili. Kichwa kikitembea, reli na mota havina kosa, rudi kwenye kontrola. Kisipotembea, kigusishe betri moja kwa moja kwenye magurudumu ya pande mbili. Kikitembea hapo ila si relini, safisha reli. Kama hakitembei hata hapo, kontrola achana nayo, ugonjwa uko kwenye kichwa.

Neno la usalama kabla hatujaendelea. Upande wa kutoka una volti 12, hauwezi kukudhuru. Upande wa kuingia una 230 au 240, unaua. Chomoa plagi ukutani kila unapofungua boksi, usitegemee swichi. Vile vinavyochomekwa ukutani vikiwa vimegandishwa kwa gundi havikutengenezwa ili vifunguliwe. Ukilazimisha kwa kisu, gamba halitafunga tena vizuri, na siku moja mtoto atashika kilicho wazi.

Kimya kabisa, hata taa ya kontrola haiwaki

Jaribu soketi kwa chaja ya simu. Kisha fungua plagi. Plagi za miguu mitatu bapa tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda zina fyuzi ndani, na kwa kontrola ya treni iwe ya ampea 3. Ukikuta ya 13, kuna mtu ameshapita hapo akitafuta njia ya mkato.

Kama seti imetoka Marekani, soma lebo kabla ya kitu kingine chochote. Lebo ikisema 100-240V, endelea kwa amani. Ikisema 120V 60Hz na wewe umeichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi, uchunguzi umekwisha. Transfoma ikipewa mara mbili ya volti yake, chuma chake kinashiba sumaku, waya wa upande wa kuingia unavuta mkondo mkubwa kupita kiasi, na ndani ya muda mfupi unasikia mvumo mzito na harufu ya vanishi inayoungua. Hiyo ni ya kutupa, ama kuwekewa transfoma nyingine. Kwa seti ya aina hiyo ambayo bado haijachomekwa, tafuta transfoma ya kushusha 240 hadi 110. Itafanya kazi, ingawa hezi 50 zetu zitaifanya kontrola iwe na joto kidogo kuliko ilivyozoea kwao.

Lebo ikiwa sawa na plagi ikiwa nzima, chomoa kila kitu na upime omu kwenye miguu ya plagi, swichi ya kontrola ikiwa imewashwa. Transfoma ndogo nzima itaonyesha omu mia na kitu, au mamia kadhaa. Mita ikikaa kimya, njia imekatika: waya umevunjika pale unapoingia kwenye boksi (mahali panapokunjwa kila siku), swichi imeungua, au fyuzi ya joto imekatika. Fyuzi hii hufichwa chini ya utepe unaozungushiwa transfoma, na ikikatika mara moja hairudi. Ukiibadilisha, weka ya nyuzi joto zilezile, na unapoilehemu bana mguu wake kwa koleo ili joto lisipande, la sivyo utaikata mpya kabla hujaitumia. Kuiruka kwa kipande cha waya ni kuuza usalama wa nyumba kwa bei ya soda.

Taa inawaka lakini kichwa hakisogei

Ng'oa nyaya mbili zinazokwenda relini, funga balbu badala yake, zungusha kitasa. Balbu ikiwaka na kupanda taratibu, kontrola imeshinda kesi.

Hapo shida ni ya njiani, na mara nyingi ni shoti: gurudumu limeanguka nje ya reli, pini au sarafu imelala juu ya reli mbili, au umeongeza pointi (kipande cha kugawa njia) aina ambayo moyo wake, pale reli zinapokatizana, una umeme bila kuweka viungio vya plastiki panapostahili. Mwingine amejenga kitanzi kinachomrudisha treni kwenye njia ileile akiwa ameelekea alikotoka. Kitanzi hicho hukutanisha reli ya kulia na ya kushoto, na ni shoti ya uhakika hata kama kila kipande ni kipya. Ondoa treni zote relini kwanza, kisha pima omu kati ya reli mbili. Mita ikipiga kelele wakati hakuna kitu juu ya reli, anza kutenganisha vipande kimoja baada ya kingine hadi inyamaze.

Kama si shoti, ni uchafu. Reli za kisasa ni za aloi ya shaba, nikeli na zinki, hazipati kutu ya chuma lakini zinafunikwa na utando mweusi. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi inaharakisha mambo, na seti za zamani zenye reli za chuma huota kutu kweli kweli. Kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti safi vinatosha. Msasa wa mbao usiutumie, unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu upya haraka zaidi. Futa na magurudumu ya kichwa. Watu wanasahau hili, wanasugua reli hadi zing'ae huku magurudumu yamevaa soksi nyeusi.

Kichwa kikienda vizuri karibu na waya wa umeme na kulegea upande wa mbali wa mzunguko, chukua balbu uiwashe karibu na kontrola, kisha upande wa mbali, ukipima kila mara. Tofauti ya volti moja haina neno. Zikipotea tatu au nne, viungio vya reli vimelegea. Vibane kidogo kwa koleo, au peleka jozi ya pili ya nyaya upande ule.

Kichwa kinanguruma papo hapo, hakitembei, kinapata moto

Zima upesi. Hiki hakihitaji uchunguzi mrefu: umechomeka nyaya za reli kwenye vituo vya AC.

Kontrola nyingi zina jozi mbili za vituo. Moja ni ya reli, DC inayofuata kitasa. Nyingine ni ya vifaa vya pembeni kama mota za pointi na taa, na hiyo hutoa volti 16 za AC muda wote, kitasa kisiwe na habari nayo. Mota ya DC ikipewa AC inavutwa mbele na nyuma mara 50 kila sekunde, haijui iende wapi, inatetemeka na kuungua. Ukiwahi, hakuna hasara. Dakika chache zikipita, waya za mota hubadilika rangi kuwa nyeusi na kunuka, na hapo unanunua mota. Weka alama ya rangi kwenye vituo vya reli leo hii, hasa kama kuna watoto wanaofunga na kufungua seti wenyewe.

Kinakimbia kasi yote, kitasa hakisikii

Dalili hii inatisha kuliko zote, maana kichwa kinaruka kona na kwenda sakafuni. Kwa kontrola ya transista, watuhumiwa ni wawili.

Wa kwanza ni transista yenyewe. Ina miguu mitatu: beizi inayopokea amri, kolekta na emita. Imeungua ndani kiasi kwamba kolekta na emita zimekuwa kitu kimoja, umeme unapita moja kwa moja. Chomoa plagi, fungua boksi, tafuta transista kubwa iliyofungwa kwenye bamba la kupozea joto: 2N3055 ya bati kwa kontrola za zamani, TIP ya aina fulani kwa za baadaye. Iache bila kuing'oa, weka mita kwenye alama ya dayodi. Kati ya kolekta na emita, mita haitakiwi kupiga mlio upande wowote. Ikisoma karibu sifuri pande zote mbili, iondoe lehemu miguuni na upime tena ikiwa peke yake ili usihukumu kwa kosa la jirani. Transista nzima ya NPN, ukiweka ncha nyekundu kwenye beizi, itasoma kati ya 0.5 na 0.7 kwenda emita, hivyohivyo kwenda kolekta, na ukigeuza ncha haisomi kitu. Darlington (transista mbili ndani ya gamba moja) kama TIP120 au TIP141 hupotosha wasioizoea: ina dayodi ya ulinzi kati ya emita na kolekta, kwa hiyo upande mmoja utasoma 0.5 hivi. Huo si ubovu. Ubovu ni kusoma sifuri pande zote.

Unapoweka mpya, angalia kile kipande chembamba cha maika au mpira kinachokaa kati ya transista na bamba. Mgongo wa chuma wa transista hizi ndiyo kolekta. Kipande hicho kikichanika, kolekta inagusa bamba, na bamba likigusa boksi la chuma unatengeneza shoti mpya siku ileile uliyotoa ya zamani. Kabla ya kuwasha, pima kati ya mgongo wa transista na bamba: pasiwe na mlio. Paka na krimu ya joto, kidogo tu, isiwe keki. Na kwa kuwa 2N3055 bandia zimejaa, nunua kwa muuzaji anayerudishiwa mzigo akakubali, Kariakoo au Luthuli Avenue, mradi akujue.

Transista haifi bila sababu. Karibu kila mara imeuawa na shoti ya relini iliyodumu, kwenye kontrola isiyo na kikata mkondo kinachofanya kazi. Usipoiona shoti hiyo, mpya itafuata ya zamani.

Mtuhumiwa wa pili ni rahisi zaidi na ndiye ninayempima kwanza, maana hagharimu kitu. Ni voliumu, ileile ya redio, iliyo nyuma ya kitasa. Ina miguu mitatu. Mguu wa juu unachukua volti zote, wa chini umefungwa kwenye hasi, wa kati unapeleka sehemu yake kwenye beizi ya transista. Mguu wa chini ukichomoka kwenye lehemu, wa kati hauna wa kuuvuta chini, unabaki na volti zote popote kitasa kilipo, na treni inakimbia. Ukichomoka wa juu, treni haiondoki kabisa. Ukipoteza mguso wa kati, transista inanyimwa amri na treni inasimama. Kwa hiyo ukiona inakimbia tu, tazama mguu wa chini kwa kioo cha kukuzia: lehemu iliyopasuka ina duara jembamba jeusi kuzunguka mguu. Iyeyushe upya, ongeza kidogo, umemaliza.

Kontrola za PWM, zile zinazokatakata umeme badala ya kuubana, hutumia mosfeti, transista ya aina nyingine, na kifo chake kinafanana: mguu wa drein na wa sosi hushikana. Kipimo ni kilekile, isipokuwa dayodi ya ndani itasoma upande mmoja.

Kinaruka sehemu moja ya kitasa

Kitasa kikipita robo, treni inashtuka; katikati inazima; mbele yake inarudi. Hiyo ni voliumu chafu au iliyochakaa. Hapa mita ya mshale inashinda ya kidijitali: ipime omu kati ya mguu wa kati na mmoja wa pembeni ukizungusha taratibu. Mshale unatakiwa kupanda bila kuruka. Mahali unapodondoka ghafla ndipo palipooza.

Pulizia dawa ya kusafishia kontakti kwenye tundu dogo la voliumu, zungusha mwanzo mpaka mwisho mara kadhaa, subiri ikauke kabla ya kuwasha. Mafuta ya kulainisha bawaba si dawa hiyo. Yatatuliza kwa wiki kisha vumbi litagandia na kufanya tope. Voliumu za waya, zinazoonekana zikiwa na waya mwembamba uliosokotwa kwenye kauri, huwa na mstari unaong'aa pale mguso unapopita. Ukiona mzunguko mmoja wa waya umekatika, hakuna dawa ya kupuliza itakayouunga. Badilisha kwa omu na wati zilezile.

Mbele inakwenda, nyuma haiendi

Funga balbu. Haijali mwelekeo, kwa hiyo ikiwaka upande mmoja tu, swichi ya kugeuza ina mguso ulioungua. Swichi hii ina miguu sita na nyaya mbili zinazokatizana kwa mkasi nyuma yake. Mara nyingi waya mmoja wa mkasi ndio uliochomoka.

Kwa kontrola ambazo kitasa husimama katikati, kushoto nyuma na kulia mbele, hakuna swichi ya namna hiyo. Ndani kuna transista mbili, kila mmoja na upande wake, hivyo upande uliokufa una transista iliyofunguka au nusu ya usambazaji wake imekatika. Kama balbu inawaka pande zote ila kichwa ndicho kinakataa kurudi, gia au brashi za mota zichunguzwe.

Inakwenda vizuri, kisha inazima yenyewe, kisha inarudi

Kikata mkondo kinafanya kazi yake. Cha bati mbili hutoa mlio wa tik, kinapoa, kinajirudisha, tik tena. Cha kisasa, ambacho ni kidonge cha njano au chungwa, hakilii. Kinapopata joto kinaziba, na hakifunguki mpaka uzime kabisa na kusubiri.

Swali ni nani anayevuta mkondo mwingi. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, ifunge mita kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa reli. Mota ya kisasa iliyofungwa kwenye kopo hutumia chini ya ampea 0.3 ikivuta mabehewa. Mota za wazi za miaka ya 1950 na 1960 hufika 0.5 hata 1, hasa sumaku zikiwa zimechoka: sumaku dhaifu huifanya mota izunguke kasi zaidi bila mzigo, ivute mkondo mwingi na ichemke. Mabehewa yenye balbu ndani nayo yanaongeza. Ukikuta jumla inazidi kilichoandikwa kwenye lebo ya kontrola, usiitafutie ubovu, punguza mzigo. Mkondo ukiwa wa kawaida na bado inakata, hapo kidonge kimechoka au transista imelegea kwenye bamba lake.

Nguvu imepungua nusu na mota inavuma

Kabla ya yote, angalia kama kontrola yako ina swichi ya nusu-wimbi. Baadhi ya za zamani za Uingereza, Duette ya H&M ikiwemo, ziliwekewa swichi hiyo makusudi ili injini itambae polepole. Mtoto akiigusa, mzee anatangaza msiba.

Kama swichi haipo au iko mahali pake, dayodi moja kati ya nne imekatika. Hesabu inaonyesha wazi. Volti 16 za AC zikipita dayodi nne nzima zinatoa wastani wa volti 14.4, toa kama 1.4 zinazopotea kwenye dayodi, unabaki na 13. Moja ikikatika, nusu ya wimbi inapotea na wastani unashuka hadi chini ya 7. Pima DC mara baada ya dayodi ukiwa umefunga balbu. Ukikuta 6 hivi wakati AC ya transfoma bado ni 16, umefika. Mvumo wenyewe unabadilika kutoka hezi 100 hadi 50, na sikio lililozoea linautambua bila mita. Dayodi iliyofanya shoti badala ya kukatika ina tabia nyingine: transfoma inachemka na fyuzi inalipuka hata bila treni. Badilisha zote nne kwa pamoja, au weka daraja moja (dayodi nne ndani ya kipande kimoja) la ampea 4, bei yake ndogo.

Umeme wa nyumba ukiwa mdogo jioni, taa zikififia, treni nayo italegea. Pima soketi kabla ya kuilaumu dayodi. Na anayetumia inveta ya sola ya bei nafuu, isiyotoa wimbi laini, atasikia transfoma ikivuma na kuchemka zaidi. Hilo linatoka kwenye inveta.

Kontrola za zamani hazina dayodi hizi. Zina rektifaya ya seleni: mabamba ya mraba yaliyopangwa kwenye boliti moja. Seleni huzeeka hata ikiwa kabatini, na ikiungua hutoa uvundo wa kuoza ambao hausahauliki na ni sumu. Fungua madirisha, toka nje, na usiiwashe tena. Ukiweka daraja la silikoni badala yake, volti zinaweza kupanda kidogo, kwa sababu silikoni inapoteza kidogo kuliko seleni.

Kinashtuka na kuondoka mbio ukigusa kitasa tu

Hapa kontrola ni nzima, ila imekutana na mota isiyo ya enzi yake. Kontrola za kizamani hazina transista. Kitasa ni upinzani mkubwa wa waya uliofungwa kwa mfululizo na reli, tuseme omu 60. Mota ya zamani inayotaka mkondo mwingi inabanwa sawasawa. Mota ya leo inayovuta ampea 0.1 inapoteza volti 6 tu kwenye omu hizo, inabaki na 6 nyingine, na kwa volti 6 kichwa cha kisasa kinakimbia.

Dawa ni ile balbu ya wati 5. Ifunge moja kwa moja kati ya nyaya mbili za reli, ikae hapo. Inavuta mkondo wake kupitia upinzani uleule, volti za reli zinashuka mwanzoni mwa kitasa, na kichwa kinaondoka kistaarabu.

Kichwa chenye dikoda

Vichwa vingi vya kisasa vinakuja na dikoda ya DCC ndani, yaani chipu inayopokea amri za kidijitali kupitia reli. Ukikiweka kwenye kontrola ya analogi, hakisogei hadi volti 5 au 6, kwa kuwa dikoda inakula kwanza: taa zinawaka, pengine sauti ya injini inaanza, ndipo magurudumu yanafuata. Kama hakisogei kabisa, huenda uendeshaji wa analogi umezimwa kwenye CV29, mojawapo ya namba za mipangilio ya dikoda. Kontrola ya PWM nayo huichanganya dikoda, ikafanya kichwa kishtuke bila mpango. Usithubutu kuunganisha kontrola ya DC na mtambo wa DCC kwenye reli moja kwa wakati mmoja. Treni moja ikipita kiungio kati ya maeneo hayo mawili inatosha kuua vyote.

Isipofaa kutengenezwa

Transfoma ikiungua, mara nyingi kununua nyingine ni ghali kuliko kujenga kontrola mpya. Chukua adapta ya ruta ya volti 12, ampea 1 au 1.5, moduli ndogo ya PWM ya mota za DC yenye kitasa, swichi ya miguu sita yenye kituo katikati, na fyuzi ya ampea 1. Fyuzi ikae kati ya adapta na moduli, swichi kati ya moduli na reli. Geuza mwelekeo treni ikiwa imesimama. Vichwa vyenye mota zisizo na chuma katikati, kama zile za Faulhaber, visiwekwe kwenye PWM ya masafa ya chini, vinachemka. Na kama una mizunguko miwili ya reli, kila mmoja uwe na adapta yake. Ukigawa adapta moja kwa moduli mbili, siku treni zikielekea pande tofauti na reli zikagusana kwenye pointi, moduli zote mbili zitakwenda pamoja.